Wasini kwa tanga: tazameni mwezi kwanza

Wapenzi wa Mombasa mnaopanga kwenda kisiwa cha Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite kwa tanga, ngojeni Oktoba au Novemba. Kusi, upepo wa kusini, imelegea; kaskazi, ule wa kaskazini, haijaingia. Matlai ya kati yake ni upepo mwanana, hata asiyezoea bahari huenda asitapike. Ila kabla ya kutoa arbuni, tazameni mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua: maji hupwa mno mnamo saa nne au tano asubuhi, fungu la mchanga la Kisite likatokeza, lakini mikondo huwa mikali. Mmoja wenu akiwa si mwogeleaji, chagueni siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji yasipojaa wala kupwa sana. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, si taslimu. Na viatu vya mpira, tafadhali. Wasini ni matumbawe makali, si mchanga wa Diani.