Kuirudia Babylon 5: picha ibaki na umbo lake, hadithi ibaki na mpangilio wake

Babylon 5, tamthilia ya runinga ya kituo cha angani, ina sehemu 110, misimu 5 ya sehemu 22 kila mmoja, ya kuanzia 1994 hadi 1998, pamoja na filamu ya ufunguzi ya 1993, The Gathering. Sehemu moja ni kama dakika 43. Ukitazama 2 kwa usiku, siku 5 kwa wiki, utaimaliza kwa wiki 11. Ramadhani husaidia zaidi: ukitoka tarawehe hadi daku, sehemu 3 hupita bila haraka, na sahani ya kachiri haijesha.

Kwanza jua una toleo gani. Waigizaji walipigwa picha kwa mkanda halisi wa filamu, lakini vyombo vya angani vilitengenezwa kwa kompyuta, kwa picha nyembamba ya 4:3, yaani upana 4 kwa kimo 3. DVD za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliipanua picha. Picha za waigizaji hazikudhurika, ila zile za kompyuta zilikatwa juu na chini, kisha zikavutwa zijaze kioo. Ndiyo maana watu wawili wanazungumza picha ikiwa safi, mmoja akifyatua bunduki, ambayo mwali wake ni wa kompyuta, picha nzima inaingia ukungu, na pembe ya kamera ikibadilika tu inatakata tena. Runinga yako ni nzima, usiite fundi. Toleo la 2021 limerudi kwenye 4:3 na linapendeza zaidi. Ukiweza kuchagua, chukua hilo.

Baadhi ya runinga za sasa zitalivuta lienee kioo kizima. Fungua mipangilio ya picha, weka 4:3 au saizi asilia, na uviache vipande vyeusi vya kando vikae. Kipimo chepesi ni nywele za balozi Londo: zisimame kama kipepeo cha kupepea jiko. Zikiwa pana kama ungo, picha imevutwa. Hapo hapo zima kile kinacholainisha mwendo wa picha, maana kinafanya kituo cha angani kionekane kama studio ya taarifa ya habari. Msimu wa kaskazi, feni ikivuma, mazungumzo humezwa; kama runinga ina spika zake 2 tu, chagua sauti ya stirio badala ya 5.1, ile ya spika 6.

Walioziweka sidii zao kwenye flashi hukwama mahali pamoja. Sehemu zote zikiwa na MB 350 kila moja ni kama GB 38.5, kwa hivyo mtu hununua flashi ya GB 64. Nyingi hutoka dukani zikiwa na exFAT, mpangilio mmojawapo wa kuhifadhi faili, na runinga za zamani haziisomi. Tumia flashi 2 za GB 32 zilizofomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani zaidi: misimu 3 ya kwanza kwenye moja, 2 ya mwisho kwenye nyingine. Faili la maandishi ya chini lipewe jina lile lile la video. Maandishi yakichelewa kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC ya kompyuta, programu ya kuchezea video, bonyeza G au H mpaka yakae sawa. Yakizidi kuachana na sauti, yalitengenezwa kwa picha 25 kwa sekunde na video yako ni ya 24. Kufikia mwisho tofauti itakuwa karibu dakika 1 na sekunde 45. G na H hazitaliponya hilo. Tafuta faili jingine. Stima hukatika pia, basi andika dakika uliyofikia kwenye kikaratasi.

Tukija kwenye hadithi yenyewe, msimu wa 1 ndio watu huuruka, na ndio wenye faida kubwa kwa anayerudia. J. Michael Straczynski, muundaji wa tamthilia, aliipanga hadithi ya miaka 5 tangu awali, akaandika sehemu 92 kati ya 110 kwa mkono wake. Katika sehemu ya kwanza kabisa Londo anasimulia ndoto ya kifo chake, mikono ya G'Kar, balozi hasimu wake, ikiwa shingoni mwake. Mara ya kwanza unaidhania majigambo ya mlevi. Sasa isikilize neno kwa neno. Babylon Squared, sehemu ya 20, ina maswali yanayojibiwa kwenye War Without End, msimu wa 3, sehemu za 16 na 17. Ukimaliza hizo mbili, rudi uitazame ile ya 20 usiku huo huo kabla ya kuendelea.

Filamu ya In the Beginning inasimulia vita vilivyotangulia yote, na kuna wanaoiweka mwanzo. Ukikaa na mtu ambaye hajaiona tamthilia, usifanye hivyo: inafichua siri ambazo misimu kadhaa imezifumba. Mahali pake ni baada ya msimu wa 4, kama ilivyoonyeshwa Januari 1998.

Sleeping in Light, ya mwisho kabisa, ilipigwa pamoja na msimu wa 4, wakati haikujulikana kama wa 5 utakuwepo. Ndiyo sababu Ivanova, naibu wa mkuu wa kituo, yumo, ilhali katika sehemu nyingine zote za msimu wa 5 hayupo. Usinyanyuke mapema: yule fundi anayezima taa za kituo ni Straczynski mwenyewe.