Kuchagua propela na kimo cha kufungia mashine ya boti katika Ziwa Victoria

Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mtu anayenunua mashine ya boti Mwanza anapaswa kuanza na hesabu hiyo kabla hajauliza bei ya propela. Injini ya petroli huvuta hewa ili iunguze mafuta, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ile ya Dar es Salaam au Zanzibar. Kanuni ya mafundi ni kwamba injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hesabu hiyo, mashine iliyoandikwa nguvu za farasi 15 hutoa 13 na kidogo ikiwa Kirumba, hapa Mwanza, na ile ya 40 hutoa kama 35. Farasi waliosalia wamebaki pwani. Propela iliyokuja ndani ya boksi haikulijua jambo hilo. Ilichaguliwa kwa mashine yenye nguvu zake zote, na mara nyingi kwa boti nyepesi, wala si kwa boti ya mbao ya mita tisa iliyobeba nyavu, taa, madumu ya petroli na watu watano.

Mashine ya kabureta huathirika zaidi, kwa sababu mchanganyiko wake wa hewa na mafuta huzidi mafuta kadiri unavyopanda juu, na fundi anaweza kulazimika kubadilisha jeti, yaani kitundu kinachopimia mafuta. Mashine mpya zenye kompyuta hurekebisha mchanganyiko zenyewe, lakini hakuna kompyuta inayorudisha hewa ambayo haipo. Dawa ya nguvu iliyopungua iko kwenye propela.

Namba mbili zilizopigwa chapa

Kwenye kitovu cha propela, ambayo vitabu huiita rafadha, au kwenye mojawapo ya mabawa yake, utakuta namba mbili kwa inchi, kwa mfano 9¼ × 10. Ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mabawa. Kipenyo hakikupi uhuru mkubwa, kwa kuwa mtengenezaji amekwisha kukipanga kulingana na gia za mashine na nafasi iliyopo chini ya bati pana lililo juu ya propela. Ya pili ndiyo yenye kazi. Inaitwa pichi, nayo ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapenya kitu kigumu, jinsi skrubu inavyopenya ubao. Pichi kubwa ni sawa na gia ya juu ya gari na pichi ndogo ni gia ya kupandia mlima. Dereva mwenye daladala iliyojaa abiria hapandi kilima cha Bugando kwa gia namba nne, na nahodha mwenye mzigo wa dagaa hana sababu ya kufanya hivyo majini.

Niliwahi kuuziwa propela ya pichi 12 na muuzaji aliyenihakikishia kwamba namba kubwa maana yake ni mwendo mkubwa. Safari ya kwanza kutoka Kayenze kwenda Ukerewe mashine iliguna njia nzima, ikala petroli kuliko siku zote, na bado tulichelewa. Namba kubwa huleta mwendo pale tu ambapo injini ina nguvu ya kuizungusha.

Jinsi ya kupima

Usianze kwa kuangalia spidi, anza kwa kuhesabu mizunguko ya injini. Kitabu cha kila mashine kinataja mizunguko kwa dakika ambayo injini inapaswa kufikia pale unapovuta mafuta mpaka mwisho. Kwa mashine nyingi za mapigo mawili za farasi 15 hadi 40 ni kati ya 4,500 na 5,500, na kwa nyingi za mapigo manne za ukubwa huo ni kati ya 5,000 na 6,000. Fuata kitabu cha mashine yako, si maneno ya jirani. Propela iliyo sahihi ni ile inayoiwezesha injini kufika ndani ya mipaka hiyo ikiwa na mzigo wake wa kila siku, na kwa boti za kazi mimi hupendelea ifike katikati au juu kidogo ya katikati.

Kifaa unachohitaji ni takometa ndogo, yaani kipimo cha mizunguko, ambayo waya wake huzungushiwa waya wa plagi. Hakikisha imepangwa kulingana na aina ya injini yako, la sivyo itakuonyesha nusu au maradufu ya mizunguko halisi. Simu yenye GPS inatosha kwa kupima mwendo. Pakia boti kama unavyoipakia siku ya kazi, ukitumia mifuko ya mchanga kama samaki hawapo, kisha chagua asubuhi tulivu na ukimbie kwa mafuta yote dakika moja au mbili kwenda upande mmoja, halafu urudi njia ileile ili upepo usikudanganye. Andika mizunguko na mwendo wa pande zote mbili. Rudia jaribio boti ikiwa tupu, na hapo uwe mwangalifu: mizunguko ikipita kikomo cha kitabu, punguza mafuta mara moja.

Kubadilisha pichi kwa inchi moja hubadilisha mizunguko kwa takriban 150 hadi 200. Tuseme mashine yako ya mapigo mawili, ikiwa na propela ya pichi 12 na mzigo kamili, inaishia 4,400. Ukishuka hadi pichi 10 utapata kama 4,700 hadi 4,800, nao ni ukanda mzuri. Upungufu wa nguvu unaotokana na mwinuko wa ziwa peke yake hugharimu mizunguko inayokaribia 200, ndiyo maana nasema kwamba mtu wa Mwanza anayefuata jedwali la kuchagulia propela lililopangwa kwa mashine za pwani ashuke walau inchi moja kabla hajafikiria mzigo wake. Injini inayolazimishwa kukimbia chini ya mizunguko yake huku mafuta yamefunguliwa yote hupata joto kali kwenye pistoni, hujaza kaboni na hufa mapema, na mwenyewe hulaumu oili. Kosa la upande wa pili nalo lina gharama, kwa kuwa pichi ndogo mno huiacha injini ipige kelele na kupita kikomo chake, na beringi za ndani haziwezi kulistahimili hilo kwa muda mrefu.

Swali linaloulizwa sana mwaloni, pale boti zinapotia nanga, ni kama mtu achague kwa boti tupu au iliyojaa, maana boti ya uvuvi hutoka nyepesi na kurudi nzito. Chagua kwa iliyojaa. Safari ya kurudi ndiyo yenye samaki, na mara nyingi ndiyo yenye mawimbi. Wakati wa kwenda, mkono wa nahodha unaweza kuzuia mafuta, ila wakati wa kurudi hakuna mkono unaoweza kuongeza nguvu ambayo haipo. Mwenye uwezo anaweza kumiliki propela mbili, lakini sijaona wengi wanaozibadilisha kweli alfajiri kwenye baridi.

Ukitaka kujua propela inateleza kiasi gani, hesabu ni rahisi. Chukua mizunguko ya injini, igawe kwa uwiano wa gia, yaani mara ambazo injini huzunguka propela ikizunguka mara moja, kisha zidisha kwa pichi. Mashine yenye uwiano wa 2.08 inayozunguka 5,000 huizungusha propela mara 2,404 kwa dakika; kwa pichi 10, yaani sentimita 25.4, ni mita 611 kwa dakika, au kilomita 36.6 kwa saa. Kama simu inaonyesha kilomita 22, umepoteza asilimia 40. Kwa boti nzito ya mbao inayopasua maji kiasi hicho hakishangazi, lakini kwa boti nyepesi ya faiba inayopanda juu ya maji, ambayo hupaswa kupoteza kati ya asilimia 10 na 20, ni dalili kwamba kuna tatizo, na mara nyingi tatizo hilo ni kimo cha mashine.

Kimo cha kufungia

Juu kidogo ya propela kuna bati pana lililolala, ambalo nitaliita bamba la hewa, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia hewa ya juu isivutwe na mabawa. Propela ikimeza hewa haina cha kusukuma: injini hulia ghafla na boti husimama. Mbaya zaidi, matundu yanayovuta maji ya kupoozea yako karibu na hapo, kwa hiyo mashine iliyofungwa juu mno inaweza kuungua huku nahodha akidhani ni mawimbi tu. Ikifungwa chini mno, mguu mzima wa mashine huburuzwa majini kama nanga, maji hurukia kichwa cha injini, na petroli huisha kwa kazi isiyo na faida.

Pandisha boti ufukweni, ilaze sawasawa, kisha weka ubao mnyoofu chini ya boti, ukiacha sehemu yake itokeze nyuma hadi ifike kando ya mguu wa mashine iliyoshushwa wima. Bamba la hewa linatakiwa kuwa usawa wa ubao huo au chini yake kwa milimita zisizozidi 25. Boti yenye mkuku, yaani mti wa chini kabisa wa boti, unaofika hadi nyuma ipimwe kutoka chini ya mkuku, si kutoka kwenye mbao za pembeni, kwa sababu mkuku huvuruga maji na kuyachanganya na hewa kabla hayajaifikia propela. Boti ya faiba inayokimbia kwenye maji tulivu ya Ghuba ya Mwanza inaweza kuwekwa usawa kabisa. Boti ndefu ya mbao inayovuka kwenda Ukara, ambayo nyuma yake hunyanyuka kila wimbi linapopita, ni afadhali iegemee kwenye zile milimita 25.

Kabla ya kununua, pima ubao wa nyuma unaobeba mashine, kutoka ukingo wake wa juu hadi chini. Mguu mfupi umetengenezwa kwa ubao wa inchi 15, sawa na sentimita 38, na mguu mrefu kwa inchi 20, sawa na sentimita 51. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni la mtu aliyenunua mguu mfupi kwa sababu ulikuwa wa bei nafuu, kisha akaukata ubao wa nyuma kwa msumeno ili mashine ifike majini. Pengo hilo ndilo mlango wa wimbi linalotoka nyuma. Afadhali abadilishe mashine. Anayehitaji kuipandisha, kinyume chake, anaweza kuongeza kipande cha mbao ngumu juu ya ubao, sentimita mbili kwa jaribio moja, na akisikia mashine inavuta hewa wakati wa kukata kona, ashuke hatua moja. Skrubu za kubana zikazwe, bolti zipitishwe pale zinapotakiwa, na mashine ifungwe kwa mnyororo, maana skrubu hulegea kwa mtikisiko.

Baada ya kimo, angalia pembe. Pini ya mwinamo hukaa kwenye mojawapo ya matundu kadhaa ya mabano. Omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, ikinyanyuka sana na boti ikidundadunda, sogeza pini upande wa boti. Omo ikizama na usukani ukiwa mzito, isogeze nje. Lakini hamisha mzigo kwanza, kwa kuwa madumu matatu ya petroli yaliyorundikwa nyuma hayatibiwi na pini.

Mawe, nyavu na magugu maji

Kwa mialo yetu yenye miamba ya matale, propela ya aluminiamu inafaa kuliko ya chuma cha pua. Ikigonga mwamba hupinda au kukatika yenyewe, ilhali ya chuma hupeleka pigo hadi kwenye gia. Iliyopinda huweza kunyooshwa, ila si kwa nyundo na jiwe tu: ilaze juu ya meza tambarare na upime kwa kijiti kimo cha kila bawa kutoka mezani, na kama moja limetofautiana na mengine, mtikisiko wake utaharibu sili na beringi. Propela ya mabawa manne hupunguza mizunguko kidogo, lakini hushika maji vizuri zaidi na haivuti hewa upesi, nami naipendelea kwa boti za mzigo.

Mizunguko ikipanda siku moja bila mwendo kuongezeka, usikimbilie kubadilisha pichi. Huenda magugu maji yamejizungusha, au bushi ya raba iliyo ndani ya kitovu imeanza kuteleza. Chora mstari mmoja kwa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, kimbia kidogo, kisha utazame kama mstari umekatika. Kila unapoifungua propela, baada ya kuchomoa waya za plagi, toa nyuzi za nyavu zilizojificha nyuma yake, paka grisi kwenye shafti, rudisha wosha zote kwa mpangilio wake na weka pini mpya kwenye nati. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, nyuzi hizo zimekwisha kukata sili na maji yameingia. Propela ya zamani, kama haijapinda, ibaki ndani ya boti pamoja na nati, pini mbili na spana yake.