Pima mzigo kabla ya kuchomeka vifaa kwenye ekstensheni

Ekstensheni yenye matundu manne haina uwezo wa soketi nne. Umeme wa vifaa vyote hupita kwenye waya mmoja na plagi moja, kwa hiyo hesabu ya kila kifaa peke yake haitoshi.

Soma wati (W) kwenye kibandiko cha kila kifaa, jumlisha za vile vitakavyowaka kwa pamoja, kisha gawanya kwa volti. Jibu ni ampea. Kwenye umeme wa volti 230, birika la wati 2,000 huvuta ampea 8.7 hivi, na pasi ya wati 1,200 huvuta 5.2. Zikiwaka pamoja ni 13.9, tayari zimezidi plagi ya ampea 13. Taa ya LED ya wati 9, redio na chaja ya simu kwa jumla hazifiki hata ampea moja. Vya kuogopa ni vifaa vya kupasha joto.

Linganisha jibu na kiwango kilichoandikwa kwenye ekstensheni. Kisipokuwepo, tazama unene ulioandikwa kwenye ganda la waya: 0.75 mm² hubeba takriban ampea 6, na 1.25 mm² takriban 13. Maandishi yasiposomeka, usichomeke humo kifaa chochote cha kupasha joto.

Mkondo wa umeme (yaani ampea) ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya huongezeka mara nne, ndiyo maana waya uliokuwa salama jana huyeyuka leo kwa kuongezewa hita moja. Waya uliozungushwa kwenye gurudumu hufungia joto hilo ndani. Ukunjue wote, hata kama unahitaji mita mbili tu.

Plagi ikipata moto huku waya ukiwa baridi, mara nyingi kuna mguso uliolegea. Ichomoe, ifungue, kata ncha iliyoungua, menya waya upya na kaza skrubu. Kama tundu la soketi ndilo limelegea, badilisha soketi. Kukaza plagi hakutasaidia.

Fyuzi ikikatika tena na tena, punguza mzigo au tafuta shoti. Usiweke kubwa zaidi, wala usiifunge kwa kipande cha waya: fyuzi inayozidi uwezo wa waya huuacha waya uungue kabla yake.

Baada ya dakika 15 za matumizi, zima, chomoa, na gusa ganda la plagi kwa mgongo wa kiganja. Uvuguvugu ni kawaida. Likikuchoma au kutoa harufu ya plastiki, usiirudishe kazini kabla ya kuitengeneza.