Kufunga geji za nyongeza kwenye Corolla KE70

Wenye KE70 mnaijua dashibodi yake, oili mmepewa kataa kekundu tu na hako kanawaka presha ikiwa karibu inaisha, muda huo injini ishaanza kula beringi. Mi nafungaga geji tatu: presha ya oili, joto la maji na volti. Chukua za milimita 52, na kila geji inunuliwe na sensa yake, usichanganye kampuni maana ohm (ukinzani wa umeme) za sensa hazifanani, itakusomea uongo. Amita, geji ya kupima ampea za chaji, achana nayo kabisa, inataka umeme wote wa chaji upite ndani ya gari, ikipiga shoti nyuma ya dashibodi gari inaungua.

Hatua 1: chomoa betri, negativu kwanza.

Hatua 2, oili, na hapa ndo watu wanaharibu. Fungua swichi ya kale kataa kwenye bloki ya injini, weka T (kiungio cha njia tatu), swichi ya zamani irudi upande mmoja na sensa mpya ikae upande wa pili, kataa usikaue bado kana kazi. Sasa angalia nyuzi: za Toyota ni 1/8 BSPT, nyuzi 28 kwa inchi, sensa nyingi za madukani zinakuja na 1/8 NPT, nyuzi 27. Kwa macho huoni tofauti, na inaingia vizuri tu raundi mbili tatu halafu inakaza, fundi anaona ndo imefika anaongeza spana, kumbe anakata nyuzi za bloki. Nunua adapta. Na ile tepu ya mafundi bomba usiizungushe nyuzi zote, sensa ya waya mmoja inapata ethi (njia ya umeme kurudi negativu) kupitia nyuzi hizohizo.

Hatua 3, maji. Injini ikiwa baridi punguza maji, kata mpira wa juu wa rejeta, ingiza kipande cha bomba chenye tundu la sensa, kaza klipu huku na huku. Kile kipande kimezungukwa na mpira kwa hiyo hakina ethi, lazima ukifungie waya mpaka kwenye bodi ya gari, bila hivyo sindano haifanyi kazi na watu wanarudisha geji dukani bure.

Hatua 4, waya. Moto wa geji, yaani waya wa kuzipa umeme, tafuta kwa testa, unaotakiwa ni ule unaokuja ufunguo ukiwa on na kuzima ukitoa, pita kwenye fyuzi ya ampea 3 karibu na unapochukulia. Taa za geji ziunge kwenye waya wa taa za pakingi. Ethi zote tatu ziende bolti moja kwenye chuma, kwangua rangi mpaka king'ae. Waya zinazotoka kwa injini zipitishe kwenye raba, chuma kitupu kitazikata tu siku moja. Maungio yashike kwa risasi ya kuyeyusha (soda), hayo ya kusokota na kuzungushia nailoni mi siyataki kwenye gari.

Hatua 5: rudisha betri, ufunguo on bila kuwasha. Volti 12 na kitu, oili sifuri. Sindano ikikimbilia mwisho, waya wa sensa umekatika au umegusa bodi, inategemea aina ya geji. Washa, oili ipande ndani ya sekunde chache, volti 13.8 hadi 14.4, halafu chungulia kwenye T kama panavuja, chungulia tena ikishapata moto. Presha ya oili kushuka saileti (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) injini ikiwa ya moto usishtuke, mafundi wengi tunapigia presha ya psi 10 kwa kila rpm 1000 (mizunguko ya injini kwa dakika).

Mwisho washa taa kubwa, sindano zote zikisogea kwa pamoja rudi kwenye ile bolti ya ethi ukwangue tena.