Mambo ya Kuzingatia Kabla Mzee Hajaanza Mazoezi ya Majini

Maji humbeba mzee mwenye magoti mabovu hadi akayasahau. Yakimfika kiunoni, miguu yake inabeba takriban nusu ya uzito wa mwili. Yakimfika chini kidogo ya kifua, theluthi moja hivi. Yakimfika shingoni, karibu moja ya kumi. Mama wa kilo 81 aliyeingia hadi chini ya kifua anasimama kana kwamba ana kilo 27. Ndiyo maana mtu ambaye nyumbani hawezi kufika getini bila kushika ukuta anaweza kutembea majini kwa robo saa. Lakini uzito huo wote humrudia kwa mkupuo anapopanda kutoka, keshachoka bila kujua, na vigae vimelowa. Maandalizi mengi, basi, hufanyika nchi kavu.

Anzeni kwa daktari, kisha fiziotherapia. Daktari aambiwe wazi kwamba mzee ataingia majini hadi kifuani, kwa sababu maji hukandamiza miguu na tumbo na kuisukuma damu kuelekea moyoni. Moyo mzima humudu hilo bila shida. Moyo uliodhoofika, ambao mwenyewe huujua kwa miguu kuvimba na kushindwa kulala bila mito miwili mitatu, unaweza kulemewa. Presha ikifika 180 kwa 110, safari iahirishwe. Vivyo hivyo kwa mwenye homa, kidonda kilicho wazi, kifafa kisichodhibitiwa, au mshono wa upasuaji ambao haujafunga. Aliyeharisha asubiri saa 48 baada ya kupona, kwa heshima ya wenzake wanaoogelea maji hayohayo.

Mnapokwenda kwa daktari, bebeni dawa zake zote, pamoja na zile za mitishamba. Vidonge vya kukojoza humkausha mtu, na maji yenyewe huongeza haja ndogo. Dawa za presha za jamii ya atenololi huzuia mapigo ya moyo yasipande, kwa hiyo kuhesabu mapigo hakusaidii kupima juhudi. Kipimo cha kuaminika ni mazungumzo: akiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, yuko sawa; akibaki na neno mojamoja, apunguze. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari haraka apime kabla ya kuingia. Ikiwa chini ya 5.6 (mmol/L), ale ndizi mbivu moja ya bogoya, asubiri dakika 15, apime tena. Nyayo zake zikaguliwe hadi katikati ya vidole, maana miguu iliyokufa ganzi hukwaruzwa na sakafu ya bwawa bila mwenyewe kusikia.

Bwawa msilichague kwa sifa za hoteli. Nendeni mkalione siku moja kabla, bila nguo za kuogelea, mkiwa na futi kamba. Kwa mtu wa sentimita 160, kina kinachofaa ni mita 1.1 hadi 1.2, na sakafu isiwe na mteremko wa ghafla, kwani mabwawa mengi huzama kwa kasi baada ya katikati. Tazameni njia ya kuingilia. Vidato vipana vyenye reli ya kushika ndivyo tunavyovitaka. Ngazi ya chuma iliyosimama wima ukutani ni mtego: mzee hushuka kwa urahisi kwa sababu anaelekea kubebwa na maji, kisha anashindwa kupanda. Kama nyumbani hawezi kupanda vidato vitano bila kuvutwa, bwawa lenye ngazi ya aina hiyo liacheni hata kama ni la karibu.

Maji yawe angavu hadi mwone wazi kifuniko cha tundu la chini. Mwombeni mtunza bwawa daftari la vipimo: klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH kati ya 7.2 na 7.8. Harufu kali ya dawa isiwape imani ya usafi. Hutokea klorini inapochanganyika na jasho na mkojo, na mara nyingi ni dalili kwamba maji yanahitaji kushughulikiwa.

Kuhusu kufanyia mazoezi Ziwa Viktoria, Ziwa Albert au Mto Nile, jibu letu ni hapana. Kichocho kipo, na viini vyake vinavyotoka kwenye konokono hupenya ngozi kwa dakika chache tu, hata mtu akiwa amesimama tu majini ukingoni. Chemchemi za moto nazo watu huzipenda kwa maumivu ya viungo, hasa Kitagata kule Sheema, magharibi mwa Uganda. Hatubezi faraja ya joto, lakini kujiloweka si mazoezi. Maji ya moto sana hupanua mishipa na kushusha presha, na mzee aliyemeza dawa zake asubuhi anaweza kuzirai akisimama. Kwenye chemchemi za Sempaya maji huchemka kiasi cha kuivisha mayai, kwa hiyo huko ni kutazama tu.

Joto la bwawa ndilo suala gumu zaidi hapa kwetu Uganda. Bwawa la tiba hupashwa moto hadi nyuzi 33 au zaidi kidogo. Ya hoteli mengi hayapashwi kabisa, na Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, Kabale karibu 2,000, kwa hiyo usiku maji hupoa sana. Chini ya nyuzi 28, misuli ya mwenye baridi yabisi hukakamaa badala ya kulegea. Pimeni kwa kipimajoto. Mkikosa bwawa la moto, nendeni alasiri baada ya jua kuyapasha, fupisheni muda, na mzee asisimame tuli majini hata kidogo. Alasiri lakini ina mvua, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Radi ya kwanza ikisikika, kila mtu atoke na asirudi hadi zipite dakika 30 bila radi nyingine.

Nguo za pamba hunywa maji na kuwa mzigo. Suruali ya kubana na fulana ya nailoni humsitiri mama vizuri na hukauka upesi. Bwawa liulizwe mapema kama linaziruhusu, na kama lina saa za wanawake peke yao. Miguuni avae viatu vya maji vyenye soli ya mpira, tangu chumba cha kubadilishia nguo hadi ndani ya maji. Malapa huteleza. Kifaa cha kusaidia kusikia kitavuliwa, kwa hiyo kubalianeni ishara za mkono: simama, nimechoka, nitoe.

Msindikizaji aingie majini naye, asikae kitini na simu. Achaguliwe kwa adabu pia. Kwa Baganda, mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe wake, na mama atakataa kushikwa hata akiteleza. Binti au mjukuu anafaa zaidi. Mlinzi wa bwawa awepo, na aelezwe kwamba mzee hajui kuogelea, kama ndivyo. Kuogelea si sharti, kwa kuwa uso hauzami.

Siku yenyewe ale chakula chepesi saa moja au mbili kabla, aende haja, anywe glasi ya maji. Jasho la majini halionekani, ila linatoka. Kikao cha kwanza kiwe dakika 15: kutembea mbele, kando na kinyumenyume akiwa karibu na ukuta, kisha kuinua visigino mara 8 na kuzungusha mguu mmojammoja mara 8, mkono ukiwa kwenye reli. Asikimbilie kasi. Kasi ikizidi mara mbili, ukinzani wa maji hufika mara nne hivi, na bega lenye hitilafu huumia hapo.

Kutoka kuchukue muda. Akae kwenye kidato cha juu dakika mbili tatu, miguu ikiwa bado majini, kwa sababu mkandamizo ukiondoka damu hushuka miguuni na kizunguzungu hufuata. Ajifunike taulo, akae kitini dakika 10, anywe maji, akaushwe katikati ya vidole. Boda boda isiwe usafiri wa kumrudisha: upepo juu ya nywele mbichi na kichwa chepesi havipatani.

Jioni muulizeni kuhusu maumivu. Yakiwa makali kuliko kawaida yake na yakadumu zaidi ya saa mbili baada ya mazoezi, kikao kijacho kipunguzwe kwa theluthi. Yasipodumu hivyo, arudi baada ya siku mbili kwa dakika zilezile 15, na kuanzia wiki ya pili aongeze dakika 5.