Kupaka grisi pini ya mkono wa nyuma wa pikipiki

Pini inayounganisha na fremu mkono wa nyuma wa pikipiki, yaani ule unaobeba gurudumu la nyuma, haizunguki. Mkono huyumba kidogo tu juu yake kila gurudumu linapogonga jiwe, na katika barabara za Goma, mashariki mwa Kongo, zenye mawe ya lava ya volkano, huyumba kutwa nzima. Kwa kuwa mwendo huo ni mfupi na wa polepole, mafuta hayawahi kujivuta kati ya pini na bushi (bomba fupi inamopita pini) yakaibeba pini, jinsi yanavyobeba kranki ya injini. Vinundu vidogo mno vilivyo juu ya pini na bushi hukutana, na kinachovizuia visishikane ni utando mwembamba ulionata juu ya chuma chenyewe.

Hakikisha kwanza kwamba bushi ni ya shaba au chuma, kwani ile ya mpira haipakwi grisi: mafuta huuharibu mpira. Inua fremu, fungua nati, kisha sukuma pini itoke kwa kipande cha mti. Ioshe kwa mazuti, halafu kwa esansi (petroli) kidogo, mbali na moto. Usiache punje za lava, maana ni ngumu kuliko chuma cha kawaida nazo hukikwaruza. Sugua kutu kwa msasa laini sana, ufute tena.

Sasa dondosha tone la maji juu ya pini. Likitandaa, chuma ni safi. Ukaushe, upake mawese kidogo, uyafute kwa kitambaa kikavu mpaka usione kitu, udondoshe tena: safari hii tone hujikunja. Utando upo ingawa jicho haliuoni. Asidi za mafuta, molekuli ndefu zilizomo katika mawese, zimeshika chuma kwa vichwa, mikia ikasimama nje kama nywele za burashi, kwa unene wa nanomita 2 hivi, yaani sehemu mbili za milioni za milimita. Watafiti William Hardy na Ida Doubleday walionyesha nchini Uingereza mwaka 1922 kwamba mikia hiyo ikirefuka, msuguano hupungua. Kutelezesha chuma kikavu juu ya chuma hudai nguvu ya karibu nusu ya mzigo au zaidi. Utando mzuri huishusha hadi karibu sehemu moja ya kumi.

Wazee waliopaka mawese kwenye bawaba hawakukosea, ila mawese huchacha yakikaa hewani. Kwa pini tumia grisi nyeusi yenye disulfidi ya molibdenamu, madini ambayo matabaka yake huteleza moja juu ya jingine hata mzigo ukiwa mkubwa. Isugue kwa kidole ndani ya bushi na juu ya pini yote, kisha futa inayotokeza nje, kwa sababu huko hukamata vumbi tu. Kaza nati, kisha hakikisha mkono unapanda na kushuka kwa urahisi bila kuchezacheza kando.