Seva yetu ya Minecraft: diski kwanza, memori baadaye

Kila jioni malalamiko ya wanaocheza Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga, kwenye seva yetu ni yale yale, Langoni hadi Mkomani hapa Lamu: ukivunja jiwe linarudi, ukifungua mlango unangoja. Mwaka jana niliongeza memori, hali haikubadilika. Kwa hivyo, kabla hujatoa hata shilingi, pima.

Minecraft hupiga hatua 20 kwa sekunde, kila hatua ina milisekunde 50. Karibu kazi yote hubebwa na kiini kimoja cha prosesa, basi viini vingi vya polepole havikufai. Kama unatumia Paper, aina moja ya programu ya seva ya Minecraft, andika /mspt watu wakiwa wamejaa, ikuonyeshe milisekunde za kila hatua. Ikikaa juu ya 50 muda wote, tatizo ni prosesa au mifugo iliyozidi. Ikiruka pale seva inapohifadhi tu, shuku diski. Yetu ilikuwa diski ya kuzunguka, nikanunua SSD, diski isiyozunguka, ya kasi zaidi.

Andika save-all kuhifadhi dunia, kisha stop kuzima seva. Nakili folda ya dunia kwenye diski ya nje, halafu uifungue kwenye laptopu uhakikishe majumba yapo. Hapa usiharakishe, watoto wameijenga kwa miezi.

Chomoa waya wa stima, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja, gusa chuma cha kasha. Nilipofungua letu, feni ilikuwa na ganda jeupe la chumvi, na meno ya memori yameota kijani pembeni. Ni pepo za bahari hizi. Nikayasugua taratibu kwa kifutio cha penseli. Usiweke kasha dirishani pwani, hata kama kuna ubaridi.

Funga SSD, rudisha folda, washa. Kwenye memori ya GB 16, ipe seva 10 kwa -Xmx, sehemu ya amri ya kuwasha inayoweka kikomo cha memori. Nyingine ni za mfumo.

MASWALI

Ami, kompyuta yangu ni ya zamani, haina tundu la M.2, lile la SSD nyembamba za kuchomeka kwenye bodi.
Chukua SSD ya SATA, ile ya kuunganishwa kwa kebo, mwanangu. Ukitoka kwenye diski ya kuzunguka utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Stima ikikatika inapohifadhi?
Dunia inaweza kuharibika. Tafuta UPS, betri ya kushikilia stima ikikatika, dakika tano zinatosha kuandika stop.

Binamu yangu yuko Malindi, bado anakwama.
Tazama /mspt wakati huo huo. Ikiwa chini ya 50 na wengine wanacheza vizuri, ni intaneti yake. Mwambie achomeke kebo kwenye ruta badala ya Wi-Fi, kisha anieleze.